Mnara Unatoka Jasho

"Bafu," alisema Mwenyekiti, akaipiga meza kwa kiganja. "Chanzo ni bafu. Yule mama anaoga pale, anafua pale, maji yote yanazama kwenye msingi. Mnara una miaka mia na ushee, haujawahi kutoka jasho. Leo unatoka jasho kama mgonjwa wa homa. Nauliza, kwa sababu gani?"

Kamati ya Mnara ilikutana katika darasa la shule, wajumbe wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni, Mwenyekiti peke yake akiwa amestarehe kwenye kiti cha mwalimu. Mbele yake ilikuwepo barua ya idara ya mambo ya kale. Barua yenyewe fupi, lakini ilikuwa imewanyima watu raha wiki nzima. Lipu ya sehemu ya chini ya mnara wa taa inabanduka na ukuta umejaa unyevu. Mhandisi atafika Ijumaa kukagua. Chanzo kisipojulikana na kuondolewa, mnara utafungwa na kile kioo kikubwa cha taa kitachukuliwa kikakae kwenye makumbusho ya mji mkuu. Jamani! Mtaa mzima ulikuwa umehangaika miaka minne kuufufua mnara ule. Walibeba mawe kwa vichwa, walizungushwa maofisini kama watu wasio na kazi, mpaka taa ikawaka tena na vyombo vya baharini vikarudi kuitegemea. Leo ije kufungwa?

"Lakini Bibi wa Taa ameoga pale miaka hamsini," alisema Katibu, ambaye ndiye mwalimu wa darasa hilo. "Mbona zamani ukuta haukulowa?"

"Zamani alikuwa anaoga. Siku hizi anafulia watu nguo. Maji yameongezeka, mwalimu, hesabu hiyo unaiweza." Watu wakacheka. "Au kuna mwenye sababu nyingine? Fundi, lipu uliipiga wewe. Tuambie."

Fundi akasimama. Alikuwa mtu mrefu, kimya, mwenye viganja vilivyokakamaa kwa miaka thelathini ya kushika mwiko. "Niliipiga kwa chokaa tupu, kama tulivyokubaliana," alisema. "Lipu haina neno." Akakaa.

Mke wake alikuwa anamimina chai. Kikombe cha Katibu kikajaa, kikafurika, chai ikamtiririkia mapajani naye akaruka juu.

"Taratibu, mama! Unataka nitoke hapa nimeiva?"

"Nisamehe, mwalimu."

Huyu mke wa Fundi mtaa mzima ulimwita Shime. Kazi yoyote ilipowachosha wanawake, yeye ndiye aliyepaza sauti, "Shime jamani, shime!" mpaka ikaisha. Siku hiyo shime yote ilikuwa imemkaukia kooni.

"Anayekubali Bibi wa Taa ahamishwe na bafu livunjwe, anyooshe mkono," alisema Mwenyekiti. Ikanyooka mikono kumi na mmoja, wa Fundi ukiwa wa mwisho. Shime hakunyoosha, kwa kuwa mkono mmoja ulishika birika na mwingine sinia, na kusema kweli hajawahi kulishukuru birika maishani mwake kama siku ile.

"Imepita. Shime, wewe ni kiongozi wa wanawake, utakwenda kumwambia. Mwanamke kwa mwanamke. Mwisho wake Ijumaa saa tatu asubuhi, mhandisi asimkute." Kisha Mwenyekiti akageuka, uso umelainika. "Na Fundi, ile barua yako ya usimamizi wa mnara nimeshaiandika. Imebaki muhuri wa idara tu. Mhandisi akiridhika Ijumaa, ndiyo basi tena, wewe ni mwajiriwa."

Wajumbe wakampigia Fundi makofi. Shime akakusanya vikombe.

Walipofika nyumbani Shime aliingia jikoni, akawasha moto, akaanza kuchambua maharage kwenye ungo. Fundi alisimama mlangoni. Jiko lile lilikuwa la mabati machakavu yaliyojaa matundu, mvua ikinyesha mpishi hupika amesimama pembeni na sufuria huhamishwa kama mgeni asiyetakiwa. Mabati mapya yalikuwa yanunuliwe mwaka juzi. Hayakununuliwa, na sababu waliijua wao wawili peke yao.

Mwaka juzi, kazi ya lipu ilipoanza, kamati nzima ilikula kiapo, Shime naye akawaapisha wanawake: hakuna hata kijiko cha simenti kitakachogusa mnara. Idara ndiyo iliyotaka hivyo. Chokaa ilichomwa hapo hapo mtaani, wanawake wakailoweka mashimoni, wakaimwagilia na kuifunika kila siku kwa siku tisini, Shime mbele. Bibi wa Taa ndiye aliyewafundisha, maana hakuna mwingine aliyekumbuka. "Kabla ya tisini msiiguse," aliwaambia. "Chokaa mbichi itawaaibisha." Mambo yakaenda vizuri mpaka mkubwa aliyealikwa kuja kuzindua alipoiwahisha tarehe kwa wiki tatu, ati ana safari. Mashimo mawili ya mwisho yalikuwa bado hayajaiva, na sehemu ya chini ya mnara bado iko uchi.

Fundi alirudi nyumbani siku hiyo ameshika kichwa. Wakashauriana. Kwa mtaa kama wao, nani asiyejua kwamba simenti ni bora? Mwenye nyumba ya simenti ni mtu. Mwenye nyumba ya chokaa watu humwonea huruma. Basi wakasema, tuupe mnara kitu kizuri zaidi ya walichotaka. Shime akatoa pesa za mabati yake, mifuko saba ikanunuliwa mbali, Fundi akaipiga alfajiri kabla vibarua hawajafika, kisha akapaka chokaa nyeupe juu yake. Hawakumwambia mtu. Waliona fahari moyoni, fahari ya mtu aliyetoa sadaka bila kutajwa. Mkubwa akaja, akakata utepe, akausifu ukuta kwa kuupigapiga kwa mkono.

Na sasa lipu ilikuwa inabanduka pale tu palipo na simenti. Palipoishia simenti na kuanzia chokaa, ukuta ulikuwa mkavu. Fundi alikuwa amepaangalia mara nyingi, na Shime pia, kila mmoja kwa wakati wake.

"Uliinua mkono," alisema Shime, macho kwenye maharage.

"Uliona mikono kumi mingine au uliona wangu tu?"

"Nauliza wako."

"Ulitaka nifanyeje? Nisimame niseme, jamani eh, niliwadanganya, mnara nimeuua mimi?" Fundi alikaa kwenye kizingiti. "Miaka thelathini, Shime. Nimewajengea watu nyumba, wakihamia hata maji ya kunywa hawanikaribishi. Kibarua njoo, kibarua nenda. Leo kwa mara ya kwanza jina langu linaandikwa kwenye karatasi yenye muhuri. Unataka niichane?"

"Sijasema uichane."

"Unasema nini basi?"

Shime alitoa punje mbovu, akaitupa nje. "Nasema yule ana miaka themanini. Hana mtoto, hana ndugu. Wanampeleka wapi?"

"Wamempatia chumba nyuma ya ghala."

"Chumba! Umekiona? Kinashirikiana ukuta na choo cha wapakiaji. Mimi nimekiona. Hata mbuzi ungemwonea haya kumfunga mle."

"Tutamsaidia. Nikianza kupokea mshahara tutamtafutia pengine."

"Akiwa hai."

Fundi aliokota kijiti akachorachora chini, kisha akasema polepole, bila hasira, na ndiyo maana maneno yenyewe yalichoma. "Na wewe je? Pesa zilitoka mkononi mwa nani? Wale wanawake walimwagilia chokaa siku tisini kwa sababu wewe uliwaambia. Wewe ndiye uliyewaapisha. Nikianguka mimi, hutabaki umesimama."

Hilo Shime alikuwa analijua. Alikuwa analijua tangu darasani, na lilimuumiza zaidi kwa vile mume wake naye alilijua. Aliinuka akaenda kuyaosha maharage, akayaosha mara tatu. Usiku walilala wamegeuziana migongo, na hakuna aliyelala.

Jumatano asubuhi alikwenda. Chumba cha Bibi wa Taa kilijengwa pamoja na mnara, kimeuegemea chini kabisa, ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa mnara wenyewe. Mume wake alikuwa mlinzi wa taa wa mwisho. Alipofariki, wakubwa waliizima taa, wakasahau kwamba pale chini pamebaki mtu. Naye hakuwakumbusha.

Shime alisikia nyundo kabla hajafika. Vibarua wawili wa Mwenyekiti walikuwa wanapigilia mbao kwenye mlango wa bafu. Bibi wa Taa alikuwa nje, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika taulo mabegani, povu la sabuni bado liko sikioni na kwenye nywele zake nyeupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usinicheke. Wamenikuta katikati. Upande mmoja nimetakata, upande mmoja bado wa jana."

Shime akawageukia vibarua, damu imempanda. "Hivi nyinyi hamna hata chembe ya haya? Mmeshindwa kumsubiri mtu mzima amalize kuoga?"

"Tumetumwa, mama," alisema mmoja wao, misumari mdomoni. "Mbona tumeambiwa na wewe umetumwa?"

Bibi wa Taa alimtazama Shime kwa macho yake madogo, kisha akajipangusa povu kwa ncha ya taulo. "Umetumwa, Shime?"

"Nimetumwa, bibi."

"Haya. Twende ndani basi ukaniambie. Hapa kelele nyingi."

Ndani kulinuka unyevu. Kitanda kilikuwa katikati ya chumba, mbali na ukuta, godoro limesimamishwa ili likauke. Ukuta wa nyuma ulikuwa umevimba malengelenge, na chini yake kulikuwa na vipande vya lipu vilivyofagiliwa vikawekwa pamoja, vizuri, kama vitu vya mwenyewe atakayekuja kuvichukua. Shime alisema alichotumwa kusema. Alisema haraka, akikazia macho mguu wa kitanda. Bafu, Ijumaa, saa tatu, nyuma ya ghala.

Bibi wa Taa hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu. "Fundi alikuwepo kikaoni?"

"Alikuwepo."

"Akasemaje?"

"Alisema... alisema lipu haina neno."

"Aha." Kikongwe akamshika Shime mkono, akampeleka hadi ukutani, akaulaza mkono wake pale. "Umesikia baridi hiyo? Zamani ukuta huu ulikuwa unapumua. Mvua ikinyesha unakunywa maji, jua likitoka unayatoa. Nimelala ubavuni mwake miaka hamsini, naujua. Sasa unakunywa tu, hautoi. Kuna kitu kimeuziba pumzi."

Akamtazama. Mkono wa Shime ulikuwa bado ukutani, na mkono wa kikongwe juu yake. Maneno yalimjia Shime mpaka kwenye meno. Ni sisi, bibi. Ni mimi na mume wangu. Maneno mafupi hayo, mtoto mdogo angeyasema. Akaiona sura ya Fundi pale kizingitini na kile kijiti. Akawaona wanawake wa mashimoni wakimgeuzia vichwa.

"Nikusaidie kufunga vitu?" ndivyo alivyosema.

Bibi wa Taa akauachia mkono wake. "Bado mapema, mwanangu. Leo ni Jumatano tu."

Njia nzima ya kurudi Shime alijitukana. Muoga we. Mwizi we. Alijitukana matusi ambayo mtu mwingine akimtukana angemvunjia chungu kichwani. Na alipofika nyumbani, Fundi alipomuuliza, "Alisemaje?" alijibu, "Hakusema kitu," akaingia jikoni.

Alhamisi ilipita hivyo hivyo. Wakala, wakafua, wakajibizana kwa neno moja moja. Jioni Fundi alitoa shati lake jeupe, la pekee, akalipiga pasi mwenyewe.

Ijumaa saa tatu watu walikuwa wameshajaa uwanjani chini ya mnara. Vitu vya Bibi wa Taa vilikuwa nje, juani, kila mtu anavitazama: kitanda, godoro lenye mabaka, sufuria mbili, sanduku la bati, mafungu matatu ya nguo yaliyofungwa kwa kamba. Vitu vya mtu vikiwa ndani ni nyumba, vikitolewa nje vinakuwa takataka. Mwenyewe alikaa juu ya sanduku, mikono mapajani, hamsemeshi mtu. Kila aliyepita alijifanya ana haraka.

Mhandisi alifika mapema kuliko walivyodhani, mwanamke kijana mwenye viatu vya kazi vilivyochakaa na begi la vyombo begani. Hakutaka soda, hakutaka kiti. Alizunguka mnara mara mbili, akaupigapiga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Akaiona mizigo.

"Nani anahama?"

"Ah, huyo ndiye mwenye bafu," alisema Mwenyekiti, akichekacheka. "Chanzo tumeshakiondoa, mhandisi. Maji yalikuwa yanatoka kwake."

"Bafu liko upande wa huku," alisema mhandisi. "Mbona ukuta umelowa mpaka upande wa kule?"

Mwenyekiti akakohoa. "Maji yanatembea."

Mhandisi akawageukia watu. "Fundi aliyepiga lipu ni nani?" Fundi akasogea na shati lake jeupe. "Shikamoo, fundi. Ulitumia nini?"

"Chokaa."

"Tupu?"

"Tupu."

"Nahitaji kipande cha kupima. Ukuta unajulikana na aliyeupiga, sio mimi. Nichagulie mahali ambapo lipu yako ni ile ile ya kwanza, haijatiwa kiraka." Akampa tindo na nyundo.

Fundi alivishika akabaki amesimama. Shime, aliyekuwa kati ya wanawake, alimwona mumewe akitazama juu ukutani. Kisha Fundi akasema, "Leteni ngazi."

Akapanda. Akapita mahali palipovimba, akapita malengelenge yote, akapanda mpaka ukuta ulipokuwa mweupe na mkavu, pale chokaa ya siku tisini ilipoanzia. Shime alipajua mahali hapo.

"Mbona juu hivyo?" aliuliza mhandisi.

"Chini kumechafuliwa na maji ya bafu. Utapata majibu ya uongo."

Akagonga. Kipande kikadondoka, mhandisi akakidaka, akakifikicha kwa vidole kikawa unga mweupe laini. Akatikisa kichwa kukubali. "Hii ni chokaa safi. Imeiva sawasawa. Hongereni."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Wanawake wa mashimoni walikumbatiana, mmoja akamrukia Shime shingoni, "Umesikia? Imeiva! Mikono yetu hiyo!" Mwenyekiti alikuwa ameshageuka kwa vibarua wake, anawaonyesha mizigo kwa kidevu: bebeni. Kibarua mmoja akaenda akashika sanduku, na kwa kuwa Bibi wa Taa alikuwa bado amekaa juu yake, akalitikisa kidogo, kama mtu anavyomwondoa paka kwenye kiti.

Kikongwe akainuka.

Kama asingeinuka, pengine Shime angevumilia. Pengine angevumilia mpaka kufa, Mungu anajua. Lakini aliinuka, tena upesi, kama mtu aliyeomba radhi kwa kuchukua nafasi, na Shime akajikuta ameshaitoa mikono ya mwenzake shingoni na anatembea.

"Fundi," aliita. "Shuka. Gonga hapa chini."

Kelele zikapungua. Fundi alimwangalia kutoka juu ya ngazi. "Nini?"

"Hapa. Ninapoweka mkono. Gonga hapa mhandisi aone."

"Wewe mwanamke," alisema Fundi, na sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka, "rudi nyumbani. Hujui kazi hii."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka kuliko wote. "Shime! Leo umeanza na uhandisi? Katuletee chai, bwana."

Shime hakurudi. Chini ya ngazi kulikuwa na jiwe. Akaliokota, akapiga pale kwenye lengelenge. Mara ya kwanza ukatoka unga mweupe. Mara ya pili jiwe likamchubua vidole. Mara ya tatu lipu ikabanduka kipande cha ukubwa wa sahani, kikaanguka, kikavunjika vipande viwili miguuni mwa mhandisi. Juu kilikuwa cheupe. Ndani kilikuwa cha kijivu, kigumu, na nyuma yake maji yalichuruzika ukutani.

Hakuna aliyecheka tena. Hata mtoto alijua rangi ile ni ya nini.

"Mifuko saba," alisema Shime. Aliwageukia wanawake, maana hao ndio aliowaogopa. "Chokaa haikuwa imeiva, siku ya kuzindua imefika. Tuliona tunawasaidia. Pesa nilitoa mimi, za bati za jiko langu. Nilijua. Siku zote nilijua, na juzi nilikwenda kumwambia bibi ahame nikijua. Mifuko saba ya simenti, iko hapa chini yote."

Watu wote waliinua macho kwenye ngazi. Fundi alikuwa bado huko juu, hashuki, hapandi, tindo mkononi, shati jeupe linapepea. Angeweza kusema mke wangu amerukwa na akili. Angeweza kusema vibarua waliniibia chokaa. Shime alisubiri, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakujua mume wake atasema nini.

"Minane," alisema Fundi.

"Unasemaje?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ilikuwa minane. Mmoja nilinunua kwa pesa yangu, sikumwambia." Akaanza kushuka, ngazi moja moja, kama mzee. Alipofika chini alimpa mhandisi nyundo na tindo. "Nimekudanganya, mama. Na hawa pia."

Mhandisi aliokota kile kipande, akakigeuza. Hakufoka. Pengine wangependa afoke. Aliwaeleza kwa utaratibu, kama daktari, kwamba ukuta wa zamani ukifungwa kwa simenti hauwezi kukauka. Kwamba lipu yote ya kijivu itolewe kwa mkono, polepole, bila kuumiza mawe. Kwamba ukuta uachwe mtupu miezi sita upumue, kisha upigwe chokaa iliyoiva. "Kioo hatukiondoi," alisema. "Ila taa itazimwa mpaka ukuta ukauke. Na lile bafu lifungulieni. Halina kosa."

Taa itazimwa. Watu waliyasikia hayo tu. Mama mmoja aliyemwagilia chokaa pamoja na Shime siku zote tisini alimsogelea, Shime akadhani atapigwa, lakini yule alimtazama tu usoni, akageuka akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mwenyekiti alitoa bahasha mfukoni, akaichana mara mbili mbele ya Fundi, vipande akavirudisha mfukoni kwa uangalifu. "Kamati nayo itakaa kuhusu wewe," alisema. "Kumwaga unga ni jambo dogo. Wewe utatueleza." Kisha akamwambia Bibi wa Taa, bila kumwangalia, "Basi, mama, rudisha vitu vyako ndani," akaenda zake akimkimbilia mhandisi.

Hakuna aliyebaki kumsaidia. Vibarua walikuwa wameshatoweka. Fundi alivua lile shati jeupe, akalitundika kwenye ngazi, akainama kushika upande mmoja wa kitanda. Shime akashika upande wa pili, vidole vinavuja damu. Walipita mlangoni kwa shida, wakakiweka katikati ya chumba, mbali na ukuta. Wakarudi kwa godoro. Wakarudi kwa sanduku. Bibi wa Taa alisimama kando akiwaelekeza kwa kidole tu, hapa, hapana, pale.

Walipobaki na mafungu ya nguo, Fundi akapiga goti sakafuni mbele yake. Shime ndiye aliyesema.

"Tusamehe, bibi. Tumekuficha."

"Hamkunificha," alisema kikongwe. "Nilijua tangu mvua za kwanza. Lipu ikianguka usiku nilikuwa naiokota. Mimi nisijue simenti?"

Shime alimtazama, haamini. "Ulijua? Muda wote huo? Mbona hukusema, bibi? Wamekutoa bafuni na sabuni kichwani, wamekutupia vitu nje, na unajua?"

Bibi wa Taa akaketi juu ya kitanda chake. Kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije, midomo ilimtetemeka.

"Nilikuwa nawasubiri nyinyi mje mniambie," alisema. "Kila siku nilisema watakuja leo. Juzi ulipokuja, Shime, nikasema ndiyo hiyo. Mpaka jana jua lilipozama ndipo nikakubali kwamba hamji, nikaanza kufunga nguo."